Liulize Gari Kabla ya Kushika Spana

Wasikilizaji, nazungumza nanyi mlioko Nyeri mjini, Ruring'u na King'ong'o. Nanyi wa Karatina, Othaya na Mukurwe-ini. Nanyi wa Naro Moru, Nanyuki, Timau na Meru, na nyinyi wa Kerugoya, Embu na Chuka. Mlima Kenya ni mmoja, nasi tumeuzunguka kama jamaa walioketi kandokando ya jiko.

Leo nataka tuzungumze juu ya gari kuukuu. Mnajua sheria yetu Kenya: gari la mtumba haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo hata lile tunaloliita jipya, lile linaloshushwa melini Mombasa likiwa linang'aa, limekwisha fanya kazi miaka mingi huko Japani. Likifika hapa linamtumikia mtu wa Nairobi, kisha linauzwa kwa mtu wa Thika, na linapomfikia mwalimu wa Othaya au mama wa kuuza viazi Naro Moru, lina miaka 15, lina miaka 20, pengine 25. Pengine namba yake bado inaanza na KA. Limebeba kabichi, limebeba bibi harusi, limempeleka mgonjwa hospitali saa nane za usiku huku mvua inanyesha. Hilo ndilo gari ninalolizungumzia. Ni mali ya nyumba, na linastahili kutunzwa kama mali ya nyumba.

Sasa gari hilo linaanza kusumbua. Unafanya nini? Wengi wetu tunafanya jambo lile lile. Tunalipeleka kwa fundi, tunampa ufunguo, tunasema, "Fundi, hili gari halina nguvu," halafu tunaondoka. Jioni tunapigiwa simu kwamba inahitajika pampu. Tunatuma pesa ya pampu. Siku ya tatu ugonjwa umerudi, na safari hii ni plagi. Baada ya plagi ni koili. Baada ya koili tunaambiwa injini imechoka, afadhali tutafute nyingine. Nawauliza wasikilizaji wangu: ni wangapi kati yenu mmepita njia hiyo? Mimi nimeipita, na nataka niwasimulie.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na gari dogo la petroli. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri kabisa. Nikitoka Nairobi, Thika napita, Makutano napita, Sagana nafika bila shida. Lakini nikianza kupanda kuelekea Karatina, sindano ya joto inapanda nami. Nikikaribia mji, maji yanachemka, mvuke unatoka chini ya boneti, na mimi nimesimama kando ya barabara na dumu mkononi.

Fundi wa kwanza aling'oa thamostati akaitupa. Akaniambia, "Hii ndiyo inaziba maji, huku kwetu haina kazi." Likachemka tena. Fundi wa pili akabadilisha pampu ya maji. Likachemka tena. Wa tatu akaniambia gasketi ya hedi imeungua, lazima hedi ifunguliwe, ipelekwe kusawazishwa, na gharama yake ilikuwa zaidi ya mshahara wangu wa mwezi mmoja. Nikaanza kutafuta pesa hizo.

Kabla sijazipata, rafiki akanipeleka kwa mzee mmoja pale Karatina. Alikuwa na kibanda cha mabati, benchi moja na sanduku la spana. Nilimpa ufunguo. Hakuupokea. Aliniambia, "Kijana wangu, keti kwanza unieleze. Linachemka likiwa wapi?" Nikamwambia, likipanda. "Na ukisimama kwenye foleni ya Nairobi, linachemka?" La, halichemki. "Maji yanapungua hata kama halikuchemka?" La. "Asubuhi, injini ikiwa baridi, mpira wa juu wa rediata unaukuta umejaa au umebonyea?" Sikujua. Akaniambia, "Nenda nalo nyumbani, kesho liangalie kabla hujaliwasha, kisha urudi."

Kesho yake niliangalia. Mpira ulikuwa umebonyea kama chupa ya plastiki iliyofyonzwa. Nikarudi kumwambia. Mzee alifungua kifuniko cha rediata, injini ikiwa baridi, akakigeuza, akanionyesha mpira wake wa ndani: umekauka, umepasuka, na springi yake imelegea. Tulinunua kifuniko kipya, tukarudisha thamostati, tukaweka maji yenye dawa ya rediata. Gari lile halikuchemka tena hadi nilipoliuza.

Kifuniko, wasikilizaji. Kitu cha kushika kwa vidole viwili.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi watu wa mlimani kuliko mtu wa Mombasa. Mama anayepika githeri Nanyuki anajua kwamba mahindi na maharagwe huchukua muda mrefu zaidi huku kwetu kuliko pwani. Kwa nini? Kwa sababu kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito, na maji yanachemka mapema, kabla hayajapata joto la kutosha. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nyeri mjini, karibu mita 1,750 juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Sufuria inatokota, lakini joto lililomo ni dogo, na githeri haiivi upesi.

Sasa hamisha sufuria hiyo uipeleke ndani ya rediata. Injini ya gari hupenda kufanya kazi kwenye joto la nyuzi 90 hivi, na feni ya umeme katika magari mengi huanza kuzunguka karibu na nyuzi 93 au 95. Umeona hatari iliyopo? Kifuniko kikiwa kizima, hukandamiza maji kama kile cha sufuria ya presha, na maji hayachemki hata yakipita nyuzi 110. Kifuniko kikilegea, maji ya Nyeri yanaweza kuchemka hata kabla feni haijaanza kazi. Mtu wa Mombasa mwenye kifuniko kibovu anaweza kuvumilia mwezi mzima asijue. Wewe unayepanda zaidi ya mita 500 kutoka Sagana hadi Karatina, utajua siku hiyo hiyo.

Na ile thamostati aliyoitupa fundi wa kwanza? Hilo ni kosa ninaloliona kila mahali huku kwetu, na linaniuma. Ukiondoa thamostati, maji yanazunguka muda wote, injini haipati joto lake. Katika mji wenye kibaridi kama chetu, gari linatembea kutoka nyumbani hadi kazini likiwa bado baridi. Injini ikiwa baridi, inajimiminia petroli zaidi, oili inachafuka haraka, na mwenye gari anashangaa kwa nini mafuta yanakwisha. Anaambiwa ni injekta. Si injekta. Ni kile kifaa kidogo kilichotupwa kwenye majani nyuma ya gereji.

Basi yule mzee alinifunza maswali matatu, na leo nawapa nyinyi. Tatizo linaanza lini? Linaanzia wapi? Na linakoma lini? Nayarudia, aliye na kalamu aandike. Linaanza lini, linaanzia wapi, linakoma lini.

Tuchukue huko huko kuchemka. Gari linalochemka kwenye foleni tu, ukipata barabara wazi linapoa: angalia feni, kwa sababu upepo wa mwendo ndio unaofanya kazi ambayo feni imeshindwa. Gari linalochemka likipanda au likikimbia, lakini kwenye foleni liko salama: angalia rediata iliyoziba, maji yasiyopita vizuri, au kifuniko kama changu. Gari linalochemka popote, na maji yanapungua bila kuonekana yanakomwagika, na ukiliwasha unaona mapovu yanapanda bila kukoma kwenye rediata: hapo sasa unaweza kuanza kuzungumza juu ya gasketi ya hedi. Ugonjwa ni kuchemka, lakini ni magonjwa matatu tofauti, na dawa zake ni tofauti. Tafadhali sana, usifungue kifuniko cha rediata injini ikiwa moto. Nimeona uso wa mtu ulioungua kwa ajili hiyo.

Na kwa kuwa tumetaja gasketi ya hedi, nina neno kwa wale mnaoishi kwenye baridi, hasa mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya majani chai hadi saa nne. Fundi atafungua kifuniko cha kuwekea oili, akuonyeshe utando mweupe kama mtindi, aseme, "Unaona? Maji yameingia kwenye oili." Usikimbilie kulia. Gari linalokwenda safari fupi tu kwenye baridi, nyumbani hadi sokoni na kurudi, hukusanya unyevu chini ya kifuniko kile, na ule utando ni unyevu huo. Mwombe fundi achomoe kijiti cha kupimia oili. Kama oili ya kwenye kijiti ni safi, na maji ya rediata hayapungui, lipeleke gari Nairobi na kurudi, liivishe injini, kisha utazame tena. Lakini kama oili ya kijiti yenyewe imekuwa rangi ya chai ya maziwa, zima gari hapo hapo ulipo, usiliwashe tena. Hilo ni jambo la kweli.

Hali kadhalika na moshi mweupe wa asubuhi. Ukiwasha gari saa kumi na mbili Kiganjo au Naro Moru, bomba la moshi litatoa mvuke mweupe, kama vile wewe mwenyewe unavyotoa mvuke mdomoni. Ukikoma baada ya dakika chache, mshukuru Mungu uende kazini. Usipokoma, injini ikiwa imeshapata moto na jua limechomoza, na una harufu tamutamu, basi maji ya rediata yanaingia ndani ya silinda.

Wasikilizaji, tuendelee na moshi kidogo, kwa sababu hapa sisi watu wa mlima tuna bahati. Mtu wa tambarare hulipa gereji ipime injini yake. Sisi Mungu ametuwekea kipimo nje ya mlango, nacho ni mteremko.

Fanya hivi. Gari likiwa na moto, shuka nalo kutoka Karatina kwenda Sagana, au kutoka Nyeri kwenda mtoni Chania. Tafuta mahali penye usalama, uweke gia ya chini, uondoe mguu kwenye mafuta, uache injini yenyewe ilizuie gari. Mwenzako akae nyuma akitazama. Ukifika chini, kanyaga mafuta taratibu. Kama wingu la bluu linatoka mara moja kisha linakwisha, ni sili za valvu: wakati wa kushuka, injini ilifyonza oili kupitia kwenye valvu, na sasa inaiunguza. Lakini kama moshi wa bluu unatoka wakati wa kupanda, injini ikiwa na mzigo, na haukomi, hizo ni ringi za pistoni, na huko kuna kazi kubwa zaidi. Moshi ni ule ule wa bluu, oili ni ile ile inayoungua. Kinachotofautisha ni lini. Unaona jinsi swali linavyookoa pesa? Kubadilisha sili za valvu na kufungua injini nzima ni gharama mbili zilizo mbali kama Nyeri na Mombasa.

Moshi mweusi, kwa gari la petroli, ni mafuta mengi kuliko hewa. Magari ya zamani ya kabureta yaliyokuwa yametengenezewa tambarare yalikuwa yakifika huku yanakohoa moshi mweusi, kwa maana hewa yetu ni nyepesi na mafuta yanabaki mengi. Injini ya namna hiyo, isiyo na turbo, hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kufika tu Nyeri. Kwa hiyo ukinunua gari pwani ukaona limepungua nguvu Nanyuki, si lazima liwe gonjwa. Linapumua hewa ya mlima. Tazama kwanza kichujio cha hewa, hasa kama unapita barabara za vumbi za Mweiga au Kieni.

Sasa vijana wataniambia, "Siku hizi kuna mashine ya kusoma gari, maswali ya nini?" Ni kweli, na mashine hizo nazipenda. Magari mengi ya miaka ya 2000 na baadaye yana tundu chini ya dashibodi, unachomeka kifaa, na simu yako inakuonyesha namba ya hitilafu. Chukua mfano wa Toyota Probox, gari lililojaa kila mji wa huku, linalobeba miraa, maziwa, vifaranga na abiria. Tuseme taa ya injini imewaka, gari linatetemeka, linamisi. Kijana anachomeka mashine, inasoma P0301. Maana yake ni kwamba silinda ya kwanza inamisi. Anamwambia mwenye gari, "Koili imekufa, lete pesa ya koili."

Je, mashine imesema koili? Haikusema koili. Imesema silinda ya kwanza haiungui vizuri. Sababu inaweza kuwa koili, inaweza kuwa plagi, inaweza kuwa injekta, inaweza kuwa waya uliotafunwa na panya, inaweza kuwa valvu isiyofunga. Mashine imekupeleka mtaani, lakini nyumba hujaijua bado. Na kuijua ni rahisi: injini ya Probox ile ya 1NZ ina koili nne, kila silinda na yake, na zote zinafanana. Toa koili ya silinda ya kwanza, uiweke kwenye ya tatu, na ya tatu uilete kwenye ya kwanza. Futa ile namba, endesha gari, usome tena. Kama sasa inasema P0303, ugonjwa umeifuata koili, basi nunua koili. Kama bado inasema P0301, koili haina hatia. Hamisha plagi ujaribu tena. Kazi hiyo ni ya dakika 20 na spana moja, na haigharimu kipuri hata kimoja. Kijana wa polytechnic anayenisikiliza sasa, hilo ndilo litakalokutofautisha na yule wa kubahatisha.

Kuhusu sauti nitapita haraka, maana sauti inataka sikio kuliko maneno. Ukikunja usukani hadi mwisho ukasikia kata-kata-kata kwenye magurudumu ya mbele, ni kile kiungo cha ekseli ambacho mafundi wanakiita sivi jointi. Mvumo unaopanda na mwendo, na unaobadilika ukiyumbisha gari kushoto na kulia, ni bering ya gurudumu. Gari linalogonga kwenye mashimo tu, tazama bushi na shoki. Injini inayogonga ndani, ko-ko-ko, na taa ya oili inapepesa, hilo usilisikilize mara mbili, zima. Na ukienda kununua gari la mtu, gusa boneti kabla ya salamu nyingi. Kama ni moto saa moja asubuhi, uliza kwa nini amelipasha. Huenda hataki usikie linavyowaka likiwa baridi.

Lakini breki, wasikilizaji, breki sitazipita haraka. Injini ikiharibika unalala njiani. Breki zikiharibika hufiki.

Sisi tunaishi kwenye miteremko. Ukitoka Timau kushuka kuelekea Meru, unashuka mamia ya mita. Ukitoka Meru kwenda Chuka kuna mteremko wa daraja la Nithi, na jina hilo tu linatosha kumnyamazisha mtu. Mwezi wa Julai mwaka 2022 basi la abiria lilitumbukia pale, na watu zaidi ya 30 wakafa. Kabla ya hapo walikufa wengine wengi. Njia yenyewe ni kali, kwa gari zima pia. Gari kuukuu lina haki gani ya kupita pale bila breki zake kuulizwa maswali?

Tuyarudie basi yale maswali matatu. Linaanza lini, linaanzia wapi, linakoma lini. Kama pedali ni ngumu ukiondoka, inakuwa laini baada ya mteremko mrefu, halafu inarudi ngumu ukipumzika, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo kwa miaka. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka baada ya nyuzi 200, lakini yakishakunywa maji hushuka hadi karibu na 140, na breki za gari linaloteremka hufika huko. Yabadilishe kila miaka miwili, na ununue chupa iliyofungwa, si iliyokaa wazi kwenye rafu. Kama umesimama, umekanyaga pedali, na inazama polepole hadi chini bila mafuta kuvuja popote, ni masta silinda inayovuja kwa ndani. Kama gari linavuta upande mmoja ukifunga breki, au rimu moja ni moto kuliko zenzake baada ya safari, kuna upande umekwama. Kama usukani unatetemeka wakati wa kufunga breki tu, ni diski. Na kama usukani unatetemeka kwenye mwendo bila breki, usinunue diski, kasawazishe magurudumu.

Na hata breki zikiwa nzima, shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Wazee walioendesha zile Peugeot 504 za abiria kati ya Nairobi, Nyeri na Nanyuki walilijua hilo bila kufundishwa darasani.

Labda kuna anayesema gari kuukuu halifai tena, liuzwe kwa vyuma chakavu. Mimi namkumbusha mwaka 1965. Walioshinda mashindano ya magari ya Safari Rally ya mwaka ule ni Joginder Singh wa Kericho pamoja na ndugu yake Jaswant, wakiendesha Volvo PV544. Gari lile halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha tumika, likanunuliwa, likafunguliwa, likatazamwa kitu kimoja kimoja na watu walioyajua magari tangu gereji ya baba yao. Likayashinda magari mapya ya viwanda, kwenye matope na mawe ya Afrika Mashariki. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, na naamini ufundi wake ulimsaidia kama ulivyomsaidia mguu wake.

Nimebakiwa na dakika chache, na nina neno kwa pande mbili.

Kwa wenye magari. Tunawalipa mafundi kwa kufunga vipuri. Fundi akikaa saa nzima akisikiliza, akitazama, akijaribu, halafu akakuambia, "Ni waya tu ulikuwa umelegea," tunampa shilingi mia na kumwona kama hakufanya kitu. Lakini akibadilisha pampu isiyo na ubaya, tunamlipa vizuri. Basi tunamfundisha nini? Tunamfundisha asifikiri. Nawaomba, mkubaliane na fundi malipo ya kulitazama gari, hata kama hakubadilisha kitu, na mlipe kwa moyo mweupe. Yule mzee wa Karatina alinitoza pesa ya kifuniko tu, na mpaka leo naona nilimdhulumu kwa kutomwongeza.

Kwa mafundi. Ndugu zangu wa jua kali, kazi yenu ni ngumu, mnalala chini ya magari kwenye matope, na wenye magari wengine hawana adabu. Najua. Lakini kipuri ulichotoa mrudishie mwenyewe akione. Mwambie ulichopima na ulichokuta. Na ukiwa hujui, mwambie hujui, umpeleke kwa anayejua. Mteja huyo atarudi kwako miaka kumi.

Sasa ombi langu kwako msikilizaji. Kesho asubuhi, kabla ya kuliwasha gari, fungua boneti. Tazama maji, tazama oili kwenye kijiti, bonyeza mpira wa juu wa rediata, chungulia chini kama kuna tone. Kisha nunua daftari dogo, lile la shule, uliweke kwenye gari pamoja na kalamu. Kila linaposumbua, andika tarehe, andika ulipokuwa, ulikuwa unapanda au unashuka, injini ilikuwa baridi au moto, na ilichukua muda gani kutulia. Na siku ya kwenda gereji, mpe fundi daftari hilo kwanza, akae alisome, ndipo umpe ufunguo.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya matairi. Endesheni polepole kwenye ukungu. Kwaherini.